Muulize Bi Mwalimu: Visiwa vya damu

Mwezi uliopita niliandika hapa mistari michache kuhusu mtoto tumboni na mishipa yake ya damu. Nilisema mishipa haichipui kutoka moyoni, na kwamba si mabomba. Nikadhani yamepita. Kumbe nimechokoza nyuki! Barua zimekuja kutoka Amu hadi Malindi, nyingine za kuuliza, nyingine za kunigombeza, na moja ya bwana anayetaka nimtafutie mchumba, ambayo nimeiweka kando. Leo najibu sita.

Bi Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tatu hapa Lamu. Mwalimu wetu alichora moyo ubaoni, halafu mishipa ikitoka ndani yake kama mizizi ya mti. Wewe umesema sivyo. Nani tumfuate? Na kama haitoki moyoni, mishipa inajuaje pa kwenda?

Marahaba, mwanangu. Usiende kumwambia mwalimu wako kwamba bibi mmoja wa gazetini amemkosoa. Mchoro wake ni wa mtu aliyekwisha kukamilika, na kwa mtu huyo hauna neno. Taabu huja tunapodhani kitu kilianza vile kilivyo leo.

Nilisomesha bayolojia miaka thelathini na moja, na kila mwaka kulikuwa na wiki moja niliyoingoja, wiki ya mayai. Nilikuwa na sanduku la mbao, ndani yake nimetundika kandili yenye utambi mdogo, kopo la maji ili hewa isikauke, na kipimajoto nilichokifunga kwa uzi wa kushonea. Joto likae kati ya digrii 37 na 38, lisishuke wala kupanda. Mayai nilinunua kwa jirani mwenye jogoo, maana yai lisilopandwa hata ukililalia wewe mwenyewe halitoi kifaranga. Niliyageuza alfajiri, adhuhuri na kabla ya kulala. Siku ya tatu natoboa dirisha dogo kwenye ganda, nawaita watoto wanne wanne.

Juu ya kiini cha njano unaona wavu mwekundu umetandazwa kama jarife lililoanikwa pwani, na katikati yake tone dogo kuliko punje ya mtama, linadunda. Darasa ambalo halikunyamaza hata kwa bakora, hapo lilinyamaza lenyewe. Mwaka mmoja kijana mtundu kuliko wote, ambaye siku hizi ana boti ya kuvusha wageni kwenda Manda, alininong'oneza: "Mwalimu, lanitazama." Halikuwa likimtazama, lakini sikumharibia.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawakuliona kwa sababu waliitwa siku ya tatu. Yai nililofungua mapema zaidi, siku moja na ushei, halikuwa na wavu. Lilikuwa na madoa. Madoa mekundu yaliyofifia, yametawanyika pembezoni, kila moja limekaa peke yake. Wanasayansi huyaita visiwa vya damu, na jina hilo hawakulitoa kwetu, ingawa mtu aliyezaliwa kwetu, kati ya visiwa vya Amu, Manda na Pate, angeliwapa bila kufikiri. Katika kila kisiwa, seli za nje hujilaza na kuwa ukuta, na zile za ndani huwa chembe za damu. Halafu visiwa jirani hunyoosheana mikono na kuungana, mpaka inakuwa mifereji, na mifereji inakuwa wavu. Moyo nao unajijenga upande wake: mirija miwili inakutana katikati ya mwili na kuwa mmoja, kisha unaanza kudunda hata kabla damu haijaanza kuzunguka. Ndipo wavu na moyo vinapounganishwa.

Kwa binadamu visiwa hivyo hutokea katika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, kwenye kifuko kilicho nje ya mwili wa kiinitete, na moyo huanza kupiga karibu siku ya 22. Wakati huo mama bado anahesabu tarehe akijiuliza kama kweli amechelewa.

Mambo haya yametazamwa kwa muda mrefu. Mgiriki Aristotle alivunja mayai siku baada ya siku, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akaandika habari za tone jekundu linalorukaruka. Ibn al-Nafis, tabibu wa Cairo, aliandika katika karne ya 13 kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapitia mapafuni ndipo ikafika kushoto. Mwingereza William Harvey mwaka 1628 alithibitisha kwamba damu huzunguka mwili mzima, lakini hakuwahi kuona inakopita kutoka ateri, mishipa itoayo damu moyoni, kuingia vena, mishipa iirudishayo moyoni. Alifariki mwaka 1657. Miaka minne baadaye Mwitaliano Marcello Malpighi aliweka pafu la chura chini ya hadubini akaiona mishipa ile midogo tunayoiita kapilari. Nikimfikiria Harvey namhurumia. Alikosa kuiona kwa miaka minne tu.

Umeuliza mishipa inajuaje pa kwenda. Inafuata njaa. Oksijeni ikitoka kwenye mshipa haiwezi kusafiri mbali ndani ya nyama: sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita, basi. Chukua karatasi mbili za daftari lako uziweke pamoja, huo ndio umbali. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo hukosa hewa. Ndani ya kila seli kuna protini iitwayo HIF, ambayo hutengenezwa na kuvunjwa papo hapo maadamu oksijeni ipo. Oksijeni ikipungua, haivunjwi tena. Inarundikana, na kuamrisha jeni za kuita msaada ziwake. Waliofumbua jambo hilo, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Wito wenyewe ni protini nyingine, VEGF, iliyopewa jina hilo mwaka 1989 na kundi la Napoleone Ferrara huko California. Inasambaa kutoka kwa seli yenye njaa, kali karibu, hafifu mbali, kama harufu ya mkate wa mofa. Mshipa wa jirani ukiipata, seli moja ya ukutani inajitokeza mbele. Hii mimi naiita seli ya omo, yaani ya mbele ya chombo. Umewahi kuona baharia amesimama omo na upondo, anapima kina chombo kikiingia kwenye mkondo wa mikoko? Ndivyo ifanyavyo. Inanyoosha vidole vyembamba, inapapasa, inaelekea wito ulikozidi. Nyuma yake wenzake wanagawanyika na kurefusha mrija. Na kwa kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama, ile iliyotangulia huwagusa jirani zake kwa ishara ya kuwazuia wasijitokeze nao. Ikichoka, mwingine huchukua omo.

Kiasi cha wito huo hakina mchezo. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba kijusi cha panya kilichopoteza nakala moja tu kati ya mbili za jeni ya VEGF hufia tumboni. Nusu haitoshi.

Mwalimu, nikivunja yai la kukaanga nikakuta doa la damu, je, hicho ndicho kisiwa cha damu? Kifaranga kimeanza?

Hapana. Doa hilo kwa kawaida ni mshipa mdogo wa kuku mwenyewe uliopasuka wakati kiini kinatoka. Hata mayai ya kuku wasio na jogoo huwa nalo. Lakini kama swali lako ni la halali na haramu, mlango wa sheikh uko wazi, usinitie mimi.

Bi Mwalimu, asalaam alaikum. Mimi ni fundi wa kujenga, Mkomani. Nimejenga nyumba za mawe na za matofali. Kwanza msingi, kuta, boriti au zege, nyumba ikisimama ndipo fundi bomba anakuja kupitisha maji. Mwili nao ni nyumba. Mbona wasema mishipa si mabomba? Maji ni maji.

Wa alaikum salaam, bwana fundi. Barua yako ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu umekosea vizuri.

Nikuulize kwanza: umevunja kuta ngapi za matumbawe ili upitishe paipu ya plastiki? Nyumba ya babu yangu haikuwa na jambo hilo. Birika la chooni lilijengwa pamoja na ukuta, likatiwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na ukuta ulisimama pale uliposimama kwa sababu birika lilikuwa hapo. Ukiliondoa birika, chumba hakina maana. Mwili unajengwa hivyo, na hata zaidi ya hivyo.

Tazama ini. Mwanzoni ni uvimbe mdogo kwenye ukuta wa utumbo wa kiinitete. Pembeni yake zipo seli za mishipa, bado hazijawa mrija, hazijapitisha hata tone la damu. Mwaka 2001 watafiti walichukua panya ambao kwa kasoro ya jeni hawana kabisa seli za mishipa. Uvimbe wa ini ulianza, ukanenepa, ukakwama papo hapo. Haukuweza kutoka nje na kukua. Hapo usiniambie ini lilikosa chakula. Mishipa ile ilikuwa bado haijalipelekea damu, hata ini la panya mzima. Lilichokosa ni maneno ya jirani. Seli za mishipa zilikuwa zikiliambia: kua, njoo huku.

Mwaka huo huo wengine walitazama kongosho, kiungo kinachotoa insulini. Kongosho huanzia pale hasa ambapo utumbo wa kiinitete umegusana na mishipa mikubwa. Wakamzuia kiluwiluwi wa chura asiwe na ateri kuu, na insulini haikutokea. Kisha wakafanya kinyume: panya wakaongezewa wito wa VEGF mahali pasipo pake, mishipa ikajaa, na seli za insulini zikaonekana hadi tumboni mwa panya, ndani ya tumbo la chakula! Fikiri umeweka birika sebuleni, asubuhi ukaamka ukakuta choo kimejijenga kulizunguka.

Na maneno hayaendi upande mmoja. Katika ngozi ya kijusi cha panya, ateri ndogo hufuata neva. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba panya wasio na neva za hisia ngozini hawapati ateri zilizo sawasawa, na neva zikipotoka njia, ateri nazo hupotoka zikazifuata. Neva ndiyo inayotoa wito. Kwa hiyo mara mshipa ni mwalimu, mara ni mwanafunzi, inategemea ni kiungo gani na ni siku ya ngapi.

Wewe wajua vichochoro vyetu vilivyopatikana. Hapakuwa na mtu aliyechora ramani ya njia kisha akagawa viwanja. Huyu alijenga, jirani akamwachia nafasi punda mwenye mzigo apite, mwana akaoa, wakaongeza chumba juu, pakakosa nafasi, wakavuka kichochoro kwa wikio mpaka ukuta wa upande wa pili. Nyumba imepinda kwa sababu ya njia, na njia imepinda kwa sababu ya nyumba. Ukiuliza kipi kilitangulia watakucheka.

Hata maji yenyewe, ambayo wasema ni maji tu, hujenga. Watafiti waliinua ateri moja juu ya kiini cha yai kwa kipande kidogo cha chuma, damu ikazuiwa. Sehemu ya mbele iliyokuwa ateri ikaanza kupitisha damu ya upande wa vena, na baada ya muda ikageuka: jeni za ateri zikazimika, ikawa vena. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2004. Mishipa isiyopata mkondo kabisa hunywea na kutoweka. Nenda kwenye mikoko nyuma ya Manda maji yakitoka ukatazame: mfereji wenye mkondo unachimbika na kupanuka, ule wenye maji yaliyolala unajaa tope hadi mkoko unaota katikati.

Tena kuna mahali ambapo mishipa imekatazwa kuingia. Gegedu, ile nyama ngumu ya sikio na ncha ya pua, haina mishipa, na ndiyo maana jeraha lake hupona kwa taabu. Mifupa mingi ya mtoto huanza kama gegedu, na haigeuki mfupa mpaka seli za gegedu zinenepe na kutoa VEGF, ndipo mishipa inavunja mlango na kuingia pamoja na seli za kujenga mfupa. Konea, kioo kile cha mbele ya jicho, inapita zote kwa ujanja. Inatoa protini inayonasa VEGF kabla haijafika popote, kama mtu anayeokota barua za jirani zake mlangoni. Hivyo mishipa haisikii wito, na konea inabaki angavu. Kumbuka mnasa-barua huyu, nitamrudia kwa mkunga hapa chini.

Kwa hiyo, fundi, mwili ni nyumba, nakubali. Lakini ni nyumba ambayo fundi bomba alifika siku ya kuchimba msingi, na mara nyingine ni yeye aliyesema ukuta uende wapi.

Mwalimu, mimi ni mkunga wa jadi, nimerithi kazi kwa mama yangu huku Pate. Nimezika makondo mengi. Je, damu ya mama huingia kwa mtoto? Na mbona mwanamke mwenye afya njema mimba ikikua anashikwa na kifafa cha mimba, wengine wakisema ni shetani?

Dada yangu, wewe umeshika mikononi kitu ambacho maprofesa hukisoma vitabuni. Ukikata kitovu tazama ncha yake: vitundu vitatu. Viwili ni ateri, kuta nene, vidogo. Kimoja ni vena, kipana. Hapa mambo yamegeuzwa, maana vena hiyo ndiyo inayomletea mtoto damu yenye oksijeni, na ateri ndizo zinazorudisha iliyotumika. Ukiona vitundu viwili tu, mwambie mama ampeleke mtoto akaguliwe. Wengi wao ni wazima, lakini akaguliwe.

Damu mbili hizo hazichanganyiki, isipokuwa chembe chache zinazopenya. Ndani ya kondo kuna vidole vingi kama majani ya mwani, ndani yake mishipa ya mtoto, na damu ya mama inavioga kwa nje. Ukivitandaza vyote mimba inapokomaa, eneo lake ni takriban mita mraba 12, ukubwa wa chumba kizuri cha kulala. Kupitia ngozi hiyo nyembamba ndipo oksijeni na chakula vinapita.

Kuhusu kifafa cha mimba. Mapema katika mimba, seli za kondo huingia kwenye ateri ndogo za mji wa mimba zilizojisokota, zinakula misuli ya kuta zake, zinazigeuza kuwa njia pana zisizobana. Ni mtoto, kwa kondo lake, anayekarabati mishipa ya mama! Mimba ikikomaa, nusu lita ya damu au zaidi hupita hapo kila dakika. Kwa baadhi ya kina mama ukarabati huo haukamiliki. Njia zinabaki nyembamba, kondo linapata taabu, na linamwaga kwenye damu ya mama ile ile protini inayonasa VEGF, yule mnasa-barua wa konea. Jichoni ni rahma. Kwenye damu ya mama ni balaa, kwa sababu mishipa ya mtu mzima nayo huhitaji kidogo ya VEGF ili ikae sawa. Presha inapanda, figo zinavuja protini, na mwisho degedege. Si sababu pekee, lakini ni sehemu kubwa ya kisa, na ndiyo maana ugonjwa huanza kuondoka baada ya kondo kutoka.

Dada, hakuna dua wala kombe litakalopanua ateri hizo. Soma dua, sikukatazi, lakini usome mkiwa ndani ya boti. Mama aliyepita wiki ya 20 akilalamika kichwa kinauma hakiachi, macho yanaona nyota au ukungu, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono imevimba ghafla, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na hatari haiishi siku ya kujifungua. Wengine hushikwa siku kadhaa baadaye, kondo limekwisha kuzikwa.

Bi Mwalimu, niko Malindi. Binti yangu alizaliwa msafi. Wiki ya tatu likatokea doa jekundu shavuni, sasa ana miezi minne limekuwa kama tunda la fursadi. Mama mkwe anasema nilijishika shavu usiku mwezi ulipopatwa. Nimeacha kutoka nje.

Binti yangu, toka nje. Mwezi haukukufanya kitu, wala hukujifanyia kitu.

Kwa maelezo yako hilo linafanana sana na uvimbe wa mishipa wa watoto wachanga. Seli za kujenga mishipa, zilizotakiwa kupumzika, zimeendelea na kazi mahali pamoja. Tabia yake ni hiyo uliyoiandika: halipo au ni hafifu mtoto anapozaliwa, linatokea wiki za kwanza, linakua kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha linasimama na kunywea polepole kwa miaka. Huwapata zaidi watoto wa kike na waliozaliwa kabla ya siku zao. Mengi hayahitaji dawa. Lakini lililo karibu na jicho, pua au mdomo, linalotoka damu, au linaloacha kidonda, halingoji, na lako umesema ni shavuni bila kusema kama limekaribia jicho. Mpeleke daktari amtazame.

Dawa ipo, na ilipatikana kwa bahati. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walimpa mtoto dawa ya moyo iitwayo propranolol kwa shida nyingine, wakashangaa uvimbe wake unafifia. Wakaitangaza mwaka 2008, na sasa ndiyo inayotumika kwanza. Usiinunue mwenyewe dukani. Inaweza kushusha sukari na mapigo ya moyo ya mtoto, lazima daktari apime.

Kama doa lingekuwa bapa, rangi ya zambarau, alizaliwa nalo na halikui wala kupungua, ningekujibu vingine. Na umwambie mama mkwe, kwa adabu, kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nalo kisogoni, na mama yangu usiku huo alikuwa amelala.

Mwalimu, mke wangu alijifungua mtoto wa wiki 29, akakaa hospitali kwenye oksijeni. Tumerudi Amu salama, alhamdulillahi. Sasa wanataka tumrudishe Mombasa Jumanne akapimwe macho. Mama yangu anasema macho ni mazuri, anaangalia taa, ya nini kumchosha njiti kwa safari ya siku nzima. Tufanyeje?

Mpelekeni.

Nitakueleza kwa nini, ili umweleze mama. Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea picha. Mishipa yake huanza kuingia karibu wiki ya 16 ya mimba, ikitokea pale neva ya jicho inapopita, na kutambaa kuelekea ukingoni. Hufika mwisho karibu na siku za kuzaliwa. Mtoto wako ametoka njiani, na kingo za retina bado hazina mishipa. Kisha amekuta oksijeni nyingi kuliko aliyokuwa nayo tumboni. Retina haikuona njaa, haikuita, mishipa ikasimama. Wiki zikapita, retina ikakua, njaa ikaja kwa mkupuo, na sasa inaita kwa kelele. Mishipa inayoitwa hivyo huja ovyo, hafifu, inayovuja, na ikiota makovu inaweza kuvuta retina ikabanduka. Hayo yote hutokea ndani. Kwa nje jicho linang'aa na linafuata taa kama anavyosema mama.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1942 na daktari Theodore Terry wa Boston. Wakati huo watoto njiti walipewa oksijeni bila kipimo, kwa nia njema, na maelfu wakapofuka. Mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne alionyesha uhusiano na oksijeni. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa kabla ya siku zake mwaka 1950, ni mmoja wa kizazi hicho. Usiichukie mashine ile, mwanangu. Bila hiyo usingekuwa na mtoto wa kumpeleka Jumanne, na siku hizi hupimwa.

Kaka yangu ana mjukuu aliyezaliwa wiki 30, katika hospitali moja ya bara. Hakuna aliyewaandikia tarehe ya macho kwenye kadi, na sisi hatukujua kuuliza, hata mimi niliyesomesha mayai miaka yote hiyo. Jicho lake la kushoto halioni. Wewe umeandikiwa tarehe.

Wakikuta mishipa inatambaa vizuri watawaambia mrudi baada ya muda. Wakikuta imevurugika, wana leza na wana sindano ya kuzuia VEGF, lakini zote zina wakati wake, na wakati huo huhesabiwa kwa siku.

Vukeni Mokowe Jumatatu, msingoje boti ya Jumanne asubuhi. Chukueni kadi ya kliniki na karatasi ya kutokea hospitali, yenye wiki na uzito wa kuzaliwa. Watamtia matone ya kupanua mboni, kisha watamfungua kope kwa kifaa kidogo, na atalia kwa dakika chache. Mama yako mwende naye. Yeye ndiye atakayemshika kichwa.